Modeli imeweka siku tano za kumwagika mafuta. Nani kasema tano?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni ofisa mazingira, bado mchanga kazini, katika timu inayoandaa kisima cha utafutaji baharini. Kina cha maji ni mita 1,500 na kitachorongwa kwa meli. Nimepewa rasimu ya tathmini ya athari kwa mazingira niipitie. Sura ya umwagikaji inachukulia mapipa 5,000 kwa siku, kwa siku tano. Nilipouliza namba hizo zimetoka wapi, mhandisi wa kisima alinijibu kwamba BOP (vali kubwa za kukifunga kisima wakati wa dharura) ipo, hivyo hali hiyo haitatokea, na kwamba kazi yangu ni nyangumi na taka. Je, ana hoja? Kama hana, nianzie wapi bila kuonekana naingilia taaluma ya watu?

JIBU

Marahaba. Mhandisi wako ana nusu ya hoja: kisima kikipangwa vizuri, mafuta hayatoki. Nusu ya pili ndiyo kazi yako. Huko "kupangwa vizuri" ni maamuzi ambayo karibu yote hufanyika kabla meli haijafika, na mengi yake ni maamuzi ya mazingira ingawa kwenye makabrasha yamevaa sare ya uhandisi.

Tuanze na hizo siku tano. Kisima kikiponyoka, yaani mafuta yakitoka bila kuzuilika, kitafungwaje, na kazi hiyo inachukua muda gani? Njia inayoaminika kuliko zote ni kuchoronga kisima cha pili, cha uokozi, kinachokwenda kukutana na cha kwanza chini kabisa na kukijaza tope zito na saruji. Kwa hiyo muda wa umwagikaji ni muda wa kupata meli nyingine inayomudu kina chenu, kuifikisha, na kuchoronga upya. Ixtoc I, kisima cha Ghuba ya Campeche, Mexico, iliponyoka Juni 1979 na kudhibitiwa Machi 1980, tena kwenye maji ya mita 50 hivi tu. Montara, Bahari ya Timor upande wa Australia, mwaka 2009: siku 74, na kisima cha uokozi kilipata shabaha kwenye jaribio la tano. Macondo, Ghuba ya Mexico, mwaka 2010, kina cha maji kama chenu: siku 87 mpaka kifuniko cha dharura kilipozima mtiririko Julai, na kisima cha uokozi kikamalizia kazi Septemba. Sasa rudi kwa aliyeandika tano, umuulize alikuwa anasubiri nini kitokee siku ya sita.

Hayo mapipa 5,000 nayo yana historia yake. Macondo walianza kwa kukadiria 1,000 kwa siku, wakapandisha hadi 5,000. Wanasayansi wa serikali ya Marekani walipomaliza hesabu, walisema mtiririko ulianza karibu mapipa 62,000 kwa siku na ulikuwa 53,000 hivi wakati kisima kinafungwa. Sisemi chenu kitatoa kiasi hicho. Nasema namba ya namna hii haiokotwi kwenye ripoti ya jirani. Inatoka kwa wanajiolojia wenu: unene wa mwamba wenye mafuta, upenyezaji wake, mgandamizo, aina ya mafuta yanayotarajiwa, huku mkichukulia shimo liko wazi, halina bomba ndani, na BOP haijafunga. Namba hizo wanazo, kwani ndizo walizotumia kuwashawishi wakubwa kwamba kisima kinastahili fedha. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mwamba ulikuwa mnono kwenye slaidi za wawekezaji na umekonda kwenye sura ya umwagikaji. Hakuna aliyedanganya. Idara mbili tu zilikuwa hazijawahi kuketi pamoja.

Ukishapata kiasi na muda vinavyoeleweka, modeli ya kompyuta inayoonyesha mafuta yatasambaa wapi irudiwe mara mamia kwa pepo na mikondo ya miaka kadhaa, msimu kwa msimu. Na ramani itakayotoka isomwe kwa uangalifu: ile rangi kubwa inayofunika nusu ya bahari si umwagikaji mmoja, ni uwezekano wa kila eneo kufikiwa. Nimeona watu wakiogopa ramani hiyo bure, na wengine wakiipuuza kwa sababu walifikiri imetiwa chumvi. Kwako ina thamani pale inapokuonyesha muda mfupi kabisa wa mafuta kufika pwani. Kama ni siku nne, vifaa vinavyohitaji siku kumi kufika si kinga.

Sasa BOP. Ni mrundo wa vali uliokaa juu ya kichwa cha kisima kwenye sakafu ya bahari. Ina mipira mikubwa inayobana bomba, taya zinazoshika bomba la kipimo maalumu, na taya za kukata bomba na kuziba shimo. Ni kifaa kizuri. Lakini ni kizuizi cha pili. Cha kwanza ni tope, kimiminika kizito kinachojaza shimo wakati wa kuchoronga.

Tope la kuchorongea likiwa jepesi kuliko mgandamizo wa vimiminika vilivyo ndani ya mwamba, gesi au mafuta huingia shimoni. Wachorongaji huita hiyo kiki. Likiwa zito kupita kiasi, mwamba unapasuka na tope linapotelea humo. Kati ya uzito huu na ule kuna dirisha, na kwenye maji marefu dirisha ni jembamba, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachoukandamiza mwamba kutoka juu ni maji, si mawe. Kila dirisha linapokaribia kufunga hushushwa bomba la kinga, linasimikwa kwa saruji, kazi inaendelea kwa shimo dogo zaidi. Macondo ilikusudiwa kufika karibu mita 6,150. Ilisimamishwa 5,600 hivi kwa sababu dirisha lilikuwa limekwisha. Kwa hiyo unapoona mpango wa mabomba ya kinga umepunguzwa bomba moja ili kuokoa siku tatu, hilo ni jambo la mazingira. Lisome.

Kanuni inayotawala ni vizuizi viwili vilivyojaribiwa, visivyotegemeana, kati ya mwamba na bahari. Hapa kuna hesabu ndogo unayoweza kuifanya kwa kalamu. Meli za kuchoronga kwenye kina kama chenu kwa kawaida hazitii nanga. Zinajishikilia mahali pamoja kwa propela zinazoongozwa na kompyuta. Umeme ukikatika na meli ikaanza kusukumwa, inabidi ijitenge haraka na kisima pamoja na bomba la raiza linalounganisha meli na BOP. Nguzo ya tope ya mita 1,500 iliyokuwa ndani ya raiza inaondoka, na mahali pake panabaki maji ya bahari. Tuseme tope lina gramu 1.30 kwa sentimita ya ujazo na maji ya bahari 1.03. Tofauti ni 0.27. Kwenye mita 1,500, kisima kimepoteza mgandamizo wa karibu bar 40. Je, tope lililobaki chini bado linaushikilia mwamba? Kwenye maji marefu mara nyingi jibu ni hapana, kwani dirisha halikubali tope zito la kutosha kufidia pengo hilo. Yaani siku meli ikijitenga, BOP ambayo mwenzako anaitaja kama kinga ya ziada ndiyo kinga pekee.

Ndiyo maana una haki ya kuuliza maswali kuihusu. Taya zake zinakata kila bomba litakaloshushwa, pamoja na maungio yake manene? Imejaribiwa lini, na imejaribiwa ikiwa juu ya meli au ikiwa imeshakaa chini? Macondo, bomba lilikuwa limepinda ndani ya BOP na taya hazikuweza kuziba. Na makasha mawili ya kuiongoza, kila moja lilikuwa na kasoro za betri au za waya. Jingine la kuuliza ni kifuniko cha dharura kitatoka wapi. Vipo vinavyotunzwa Norwei, Brazili, Afrika Kusini na Singapore kwa ajili ya kampuni zilizojiunga, lakini kuwa mwanachama hakufupishi bahari. Andika safari nzima: ndege au meli, bandari yenye kreni ya kuubeba uzito huo, meli ya kukishusha, na kama kiungio chake kinalingana na kichwa cha kisima chenu. Kisha kisima cha uokozi: angalau sehemu mbili za kukichorongea ziwe zimechaguliwa na sakafu yake kuchunguzwa mapema, na kichwa cha kisima na mabomba ya akiba yawepo. Hayo yakiandikwa, utaona namba ya siku ikijitokeza yenyewe.

Tuje chini kwenye sakafu ya bahari, ambako hakuna atakayekuambia unaingilia. Sehemu ya juu ya kisima huchorongwa bila raiza, na kila kinachotoka humwagika palepale. Shimo la inchi 36 kwa mita 80, halafu la inchi 26 kwa mita 600, linatoa karibu mita za ujazo 260 za mwamba uliosagwa, kabla hujaongeza tope na saruji iliyofurika. Rundo hilo litaangukia nini? Kama ni matope ya kawaida yenye minyoo na kombe wadogo, uhai hurudi taratibu. Kama ni matumbawe ya maji baridi, sponji, au viumbe wanaoishi kwenye chemchemi za gesi, umezika kitu kilichochukua miaka mingi mno kukua. Dawa yake ni kusogeza kisima mita mia kadhaa, jambo lenye gharama ndogo likifanywa bado mkiwa kwenye ramani, maana chini kisima kinaweza kupindishwa kikafuata shabaha ileile. Likifanywa meli ikiwa imeshafika, halifanywi. Nakushauri uanzie hapa kwa sababu moja zaidi: picha za sauti na kamera unazohitaji wewe kuona matumbawe, mhandisi naye anazihitaji kuona mifuko ya gesi iliyo karibu na sakafu na nyufa. Utafiti ni mmoja, na bajeti pia ni moja. Hakikisha tu sampuli za matope zinachukuliwa kufuata mwelekeo wa mkondo, na vituo vichache viwe mbali kabisa, ili baadaye mjue kilichobadilika na kisichohusiana nanyi.

Sehemu za chini mara nyingi hutumia tope lenye msingi wa mafuta ya kutengenezwa. Hapo raiza ipo, vipande vinapanda melini na vinasafishwa. Kaskazini-mashariki mwa Atlantiki, chini ya OSPAR, mkataba wa kulinda bahari ya eneo hilo, vipande vilivyoshika zaidi ya asilimia 1 ya mafuta ya tope kwa uzito havimwagwi baharini. Ni kipimo kizuri cha kujilinganisha nacho hata kama sheria yenu iko kimya. Angalia na baraiti, madini yanayolipa tope uzito: Marekani hairuhusu zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo wala kadimiamu zaidi ya miligramu 3. Omba cheti cha shehena itakayokuja, si cha mwaka juzi.

Nyangumi, basi, tusiwasahau. Kama mtapima mitetemo ndani ya kisima kwa bunduki za hewa, mwongozo wa Uingereza ni mfano wa kufuata: waangalizi watazame kwa dakika 60 kwenye maji yanayozidi mita 200, wasianze mnyama akiwa ndani ya mita 500, na sauti ipandishwe taratibu kwa dakika zisizopungua 20. Taka na maji machafu yana kanuni zinazojulikana za MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi kutoka melini. Yafuate, usiyape nusu ya kitabu.

Msimu ndio ulionipa somo langu. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi iligundua kwamba siku zake za kuchoronga zinaangukia katikati ya msimu wa samaki kutaga, na tulizipata taarifa hizo wiki mbili baada ya mkataba wa meli kusainiwa. Meli hulipwa kwa siku, itumike isitumike. Mnajua kilichoamuliwa. Kalenda ya viumbe na ya wavuvi ipelekwe kwa watu wa mikataba kabla ya yote, hata ikiwa ni ukurasa mmoja wenye mapengo.

Halafu usiondoke mapema. Visima vingi vya utafutaji huzibwa kwa saruji na kuachwa, na wengi hulegea hapo kwa kudhani kazi imekwisha. Macondo ililipuka wakati huohuo, wakijiandaa kuiacha kwa muda. Walifanya jaribio la kushusha mgandamizo kuona kama saruji inashika. Mgandamizo kwenye bomba la kuchorongea ukapanda hadi psi 1,400 (bar 97 hivi), ishara kwamba saruji haijashika; ikatafutwa sababu ya kuupuuza, wakaendelea kutoa tope na kuweka maji ya bahari. Watu 11 walikufa. Kwa hiyo omba jina lako liwemo kwenye orodha ya wanaopelekewa kila badiliko la mpango, hasa mabadiliko ya siku za mwisho, na kigezo cha kufaulu jaribio hilo kiandikwe kwa namba kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu kuonekana unaingilia: mpelekee kwanza ile hesabu ya bar 40, umeiandika kwa mkono wako. Atakwambia tope lao si 1.30. Muulize ni ngapi, urudie hesabu mbele yake.