Fundi, taa ya injini ya Altezza yangu haizimi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Altezza RS200 ya 1999, niliinunua kwa jirani hapa Pasua, Moshi. Tangu Januari taa ya injini inawaka. Mashine ya gereji ya kwanza iligoma kulisoma gari. Fundi wa pili akaunganisha waya kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, akahesabu taa inavyokonyeza: mbili, halafu tano. Akasema 25 ni sensa ya oksijeni. Nimebadilisha sensa mara 2, ya mtumba kisha mpya, na plagi zote 4. Tukichomoa betri taa inazima, siku ya tatu inarudi. Sasa naambiwa kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Nikiwa kwenye foleni sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, ila nikija Arusha, nikishapita Boma Ng'ombe, gari linatembea vizuri tu. Nisaidie kabla sijaliuza.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Gari usiuze, na hiyo kontroo boksi usiinunue.

Mashine kugoma si ajabu. Altezza hizo zilitengenezwa kwa soko la Japani, na mashine nyingi za bei ndogo haziongei nazo. Huyo aliyeunganisha tundu namba 4 na 13 kazi anaijua. Alipokosea ni kwenye tafsiri. Sensa ya oksijeni yenyewe ikiharibika, Toyota hizi hukonyeza 21. Namba 25 maana yake mchanganyiko ni mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo. Sensa imekaa kwenye ekzosi (bomba la moshi), imeona hivyo, ikasema. Umemfukuza mlinzi mara mbili kwa sababu kapiga filimbi!

Jibu lako umeliandika mwenyewe, pale kwenye foleni. Injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hewa ya wizi, isiyopimwa, inayopita kwenye ufa mdogo inaonekana nyingi. Ukiwa barabarani spidi 80, wizi ule ule haufui dafu. Ingekuwa pampu ya petroli imechoka au chujio limeziba, mambo yangekuwa kinyume: foleni ungeivuka salama, halafu kupanda kuja huku kungekuumbua.

Anza na mpira mkubwa unaotoka kwenye ear klina (chujio la hewa) kwenda kwenye throto (mlango wa hewa wa injini). Usiutazame kwa juu. Ufungue, uukunje mkononi, hasa zile mbonyeo za upande wa chini. Mwaka jana niliukagua mmoja mara tatu, naona mzima; nilipoukunja ukafumbuka kama mdomo wa samaki. Umekaa karibu na joto miaka zaidi ya 20, unategemea nini? Kisha fuata mipira midogo ya vakyumu (ya mvuto wa hewa wa injini) mmoja mmoja. Injini ikiunguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio, mbali na koili na waya; mlio ukibadilika, umefika. Wapo wanaopulizia petroli. Nimeona boneti ikishika moto kwa mtindo huo, usikubali.

Kama jirani yako aliweka ile ear klina ya koni wanayoipenda vijana, chomoa na sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia. Mafuta yanayopakwa kwenye koni hushika kwenye waya wake mwembamba, ikaanza kudanganya. Isafishe kwa dawa yake ya kupuliza, iache ikauke. Pamba usiguse, waya ule hukatika.

Mpira wenye ufa ukipatikana, badilisha. Gundi na tepu vitakufikisha nyumbani, basi. Ndipo uchomoe betri, utembee wiki nzima, foleni ikiwemo. Taa ikirudi, hesabu tena kabla hujanunua chochote.

Na ile sensa ya kwanza kabisa, kama hujaitupa, itunze. Huenda ni nzima kuliko ya mtumba uliyouziwa.