"Na kuni ziko wapi?"

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Texas na mama, kaka yangu na mdogo wetu wa kike. Nilizaliwa upande wa Baraka, Kongo, mwaka 1998, vita vilipoanza upya. Nikiwa na miaka minne tulivuka Ziwa Tanganyika usiku hadi Kigoma, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mpaka tulipopata ndege ya kuja Marekani mwaka 2016. Pale nyumbani mimi ndiye nilikuwa naenda kutafuta kuni. Siku moja, nikiwa na miaka kumi, wanaume wenye mapanga walitukimbiza huko porini. Nilitupa mzigo nikakimbia, nikafika nyumbani na kiatu kimoja. Mama aliniangalia akasema: "Na kuni ziko wapi?" Hakuuliza kingine. Mpaka leo nikisikia mtu anakimbia nyuma yangu dukani, natupa nilichoshika. Mama anawaambia wamama wa kanisani kwamba kambini tuliishi vizuri. Kaka anasema niachane na ya zamani. Wiki iliyopita mdogo wangu, aliyetimiza miaka kumi, aligoma kuosha sahani. Nilimpiga kofi, kisha nikajiogopa. Shangazi, nina roho mbaya?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole ya porini, na pole ya mlangoni ulipofika.

Roho mbaya huna. Mwenye roho mbaya hajiogopi baada ya kupiga. Lakini tuanze na huyo mtoto, maana yeye hawezi kusubiri mpaka mimi na wewe tumalize mazungumzo yetu. Ana miaka kumi. Wewe ulikuwa na miaka kumi siku ile. Unamwona amejilaza kwenye kochi, miguu laini, hajui ngata inavyokaa kichwani, na moyo unakuuma kwa namna isiyo na jina zuri. Nadhani ni wivu. Na wivu juu ya mtoto uliyembeba mgongoni unatia aibu, ndiyo maana mkono ukatangulia mdomo. Leo akirudi shule muombe radhi. Mwambie: "Nilikosea kukupiga." Ishia hapo, usiongeze "lakini na wewe". Na habari za kambi usimpe kama sababu. Ipo siku atakuja kuziuliza mwenyewe, na siku hiyo atastahili kuzisikia bila kofi ndani yake. Usirudie. Huko mliko mwalimu akiona alama mtoto ataulizwa, na watu wa ustawi wa jamii watagonga mlango. Hata isingekuwa hivyo ningekuambia vilevile.

Sasa kuni. Mimi ni mtoto wa Kasulu. Kambi yenu ilipofunguliwa mwaka 1996 ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kufundisha, na barabara ya Makere naijua. Jioni tulikuwa tunawaona wamama na wasichana wanatoka porini kwa mstari, mizigo kichwani, shingo zimekaza. Sisi wenyeji tulinung'unika kwamba wakimbizi wanamaliza miti. Nami nilinung'unika. Nilikuwa mwalimu, kazi yangu watoto, na sikuwahi kuuliza kwa nini katika mstari ule kulikuwa na watoto saa ambazo wenzao wako darasani. Limenikaa mpaka leo.

Baadaye ndipo nilielewa. Kwenye mgao mlikuwa mnapata unga, maharage, mafuta na chumvi. Unga haulambwi. Maharage makavu juu ya mafiga yanataka saa mbili, wakati mwingine tatu, za moto usiozimika. Chakula kilikuja bila cha kukipikia, kwa hiyo shibe ya nyumba ikawa inategemea nani ataingia porini. Na kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali. Wamama niliozungumza nao walinieleza hesabu waliyokuwa wakiipiga usiku: mwanamume akikutwa huko atapigwa au atawekwa ndani, mwanamke huenda akaonewa huruma, mtoto wa kike huenda hata asionekane. Hesabu hiyo ilipigwa katika nyumba nyingi, na deni likaandikwa kwa wasichana.

Silisemi hili ili kesho asubuhi uwe umeshamsamehe mama. Nataka ujue swali lake lilitoka wapi. Alikuwa na sufuria ya maharage mabichi na watoto wanaosubiri. Akikuuliza "wamekufanya nini?", na wewe ukamjibu, angefanya nini? Aende kwa nani? Akauliza lile ambalo jibu lake angeweza kulibeba. Hukuniandikia kama kesho yake alikutuma tena. Nahisi alikutuma. Nahisi ndiko kunakouma zaidi, kuliko hata mapanga.

Na alikosea, mwanangu. Mtoto amefika anahema, kiatu kimoja, halafu anaulizwa kuni. Hapo palitakiwa mikono ya mama. Unaweza kuijua sababu yake yote na bado ukaumia, na mtu asikulazimishe kuchagua kimoja.

Hayo ya "tuliishi vizuri" yasikuchome sana. Akiwa mbele ya wenzake analinda heshima yake ya uzazi, na huenda nusu ya hao wamama walipita njia hiyohiyo, kila mmoja anamfichia mwenzake anachokijua. Pia kumbuka alitoka Kivu, huko kwenu mashariki mwa Kongo, akiwa mwanamke kijana miaka ile ya vita. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, aliyoianzisha Dokta Denis Mukwege mwaka 1999, ilijaa wanawake wa rika lake waliobakwa vitani. Sisemi yalimkuta. Nasema kuna mlango hujawahi kumwona akiufungua, na huenda kwako anaogopa kuufungua kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Usimuulize mbele ya watu, wala ukiwa na hasira za kazini. Ngoja siku mnachambua maharage au mnatwanga sombe, yaani kisamvu. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana. Mwambie: "Mama, unaikumbuka siku niliyorudi bila kuni?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. "Kwa nini" iweke kando kwa siku hiyo. Kwa wazazi wetu, "kwa nini" ya mtoto ni kesi, na mtu aliyefunguliwa kesi hujitetea tu.

Kaka yako mwache. Yeye hakutumwa kuni.

Hilo la kutupa ulichoshika lina msaada wake, na hapo pita kwa daktari, usibaki na mimi tu. Mweleze kama ulivyonieleza: nikisikia miguu nyuma yangu, natupa nilichoshika. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho huko Marekani zinatakiwa kukupa mkalimani wa Kiswahili bila kulipa. Omba mwanamke. Omba wa simu, wa mji mwingine, usije ukakutana naye kanisani Jumapili. Na usikubali kutafsiriwa na kaka, wala na huyo mdogo. Watoto wa wakimbizi wanatumika sana kama wakalimani wa wazazi na dada zao, wanasikia mambo yasiyowahusu, na kwa huyu nakuomba iwe mwiko.

Mama akikujibu "sikumbuki", usimkatalie siku hiyo. Malizeni kuchambua hayo maharage, injikeni, mle pamoja na mdogo wenu. Halafu niandikie tena, uniambie alikuwa anatazama wapi alipolisema.