Desktopu ya mbali inakwama? Angalia kwanza nani anachora

Ukianza kazi ya kusimamia desktopu za mbali, lalamiko utakalolisikia sana ni kwamba intaneti iko chini. Mtu amefungua FreeCAD, programu ya kuchora vifaa vya 3D, kwenye desktopu iliyo ndani ya seva, anazungusha mchoro wa mashine, nao unamfuata kwa kusuasua. Usikimbilie kununua kifurushi kikubwa zaidi. Fungua terminali ndani ya desktopu hiyohiyo, uandike:

glxinfo | grep "OpenGL renderer"

Ukiona neno llvmpipe, jibu umelipata. Prosesa ndiyo inayochora kila kitu, na kadi ya michoro, hata iwe ya bei mbaya namna gani, imekaa bure. Wengi hushangaa, maana draiva imewekwa sawasawa na nvidia-smi, amri ya kuangalia kadi za NVIDIA, inaiona kadi. Ila desktopu ya VNC, yaani ile inayotumwa kwa mtumiaji kama picha kupitia mtandao, haiko kwenye kadi. Ni skrini ya kubuni iliyo kwenye kumbukumbu ya seva, na programu zinazofunguliwa humo haziifikii kadi mpaka uzipitishe.

Kwenye Linux, mimi huzipitisha kwa VirtualGL. Inadaka amri za OpenGL (lugha ambayo programu huitumia kuagiza michoro) kutoka kwenye programu, inazipeleka kwenye kadi, kisha picha iliyokamilika inairudisha kwenye desktopu. Tangu toleo la 3.0 huhitaji hata kuwa na seva ya X (programu inayoonyesha madirisha kwenye Linux) inayoendeshwa na kadi yenyewe. Inatosha kuandika:

vglrun -d egl freecad

Kabla ya kumkabidhi mtumiaji, rudia ile glxinfo ukiitanguliza vglrun -d egl. Sasa jina la kadi lionekane. Lisipoonekana, mimi huanzia kwenye ruhusa: kama vglserver_config, amri ya kuisanidi VirtualGL, iliwekwa ili kadi itumiwe na kundi la vglusers peke yake, mtumiaji lazima awemo, na ukishamwongeza atoke kabisa kisha aingie upya.

Hapo uchoraji umekwisha, lakini picha bado haijamfikia mtu. Skrini ya 1920 kwa 1080, yenye rangi za biti 24 na fremu 30 kwa sekunde, ikitumwa bila kubanwa inakula karibu gigabiti 1.5 kila sekunde. Ndiyo maana TurboVNC, programu ya VNC ninayoizungumzia hapa, huibana kwa JPEG, na kazi hiyo ya kubana inafanywa na prosesa. Naomba ulishike hili, kwa sababu nimeona watu wakiomba kadi kubwa zaidi wakati kilichoelemewa ni prosesa yenye watumiaji wengi. Endesha top (inayoonyesha mzigo wa prosesa) na nvidia-smi kwa wakati mmoja, mtumiaji akiwa anazungusha mchoro, utajua ni nani anayelemewa. Kwa mwenye mtandao mwembamba, punguza ubora wa JPEG. Maandishi madogo yataingia ukungu kidogo, basi mfundishe kuomba skrini itumwe upya bila kupunguzwa ubora pindi anapotaka kusoma vipimo.

Umbali nao haununuliki. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000; kwa mwendo wa mwanga ndani ya nyaya za faiba, kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 60 hivi, na njia halisi ya nyaya ni ndefu zaidi. Ukipewa nafasi ya kuchagua seva ikae wapi, chagua karibu na watu.

Kwa wa Windows, jihadhari na miongozo ya zamani inayofundisha RemoteFX vGPU, njia ya kugawia desktopu kadhaa kadi moja ya michoro. Microsoft waliizima Julai 2020 kwa sababu za usalama, wakaiondoa kabisa Aprili 2021.

Usiache bandari ya 5901, mlango wa mtandao wa desktopu ya kwanza ya VNC, wazi kwa dunia nzima. Anzisha vncserver kwa -localhost, ili ipokee miunganisho ya ndani ya seva tu, watu wapite kwenye SSH, njia ya mtandao iliyosimbwa. Na usimwachie mtumiaji mzigo wa kukumbuka vglrun: iandike mwenyewe kwenye mstari wa Exec wa faili la .desktop, lile linalotengeneza alama ya kufungulia programu, abofye alama ya programu kama alivyozoea.