Zitto alisimamishwa kwa Buzwagi, si Escrow

Hapana ndugu, unasema Zitto alisimamishwa bungeni kwa sakata la Escrow, zile fedha za akaunti ya Tegeta Escrow; si hilo. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Chadema, alisimamishwa kuhudhuria vikao vya Bunge Agosti 2007 kwa sababu ya mgodi wa dhahabu wa Buzwagi: alitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi huo ambao Waziri wa Nishati na Madini, Karamagi, aliusaini London. Wengi wa CCM wakasema amelidanganya Bunge. Miezi michache baadaye Rais Kikwete mwenyewe akamteua kwenye Kamati ya Jaji Bomani ya kupitia sekta ya madini, na Sheria ya Madini ikaja kubadilishwa 2010. Escrow ni Novemba 2014, na hapo alikuwa mwenyekiti wa PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, iliyowasilisha ripoti ya sakata hilo. Nakumbuka siku zile za Buzwagi, tulijazana dukani kwa mangi kusikiliza redio mpaka betri ikaisha.

Kuhusu ulivyouliza alivyokuwa akipiga kura, kura nyingi bungeni ni za "ndiyo" na "siyo" kwa sauti, hazimwonyeshi mtu mmoja mmoja. Ya bajeti ndiyo wabunge huitwa kwa majina, kwa hiyo fungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya mwezi Juni ya mwaka aliokuwa mbunge, utafute jina lake na alichojibu.