Je, Kombe Huichosha Timu Kabla ya Ligi Kuisha?

SWALI: Mhariri, ninaishi Hull, Uingereza, na ni shabiki wa Hull Kingston Rovers katika raga ya wachezaji 13. Wenzangu uwanjani hushikilia kwamba timu ikifika mbali katika Kombe la Challenge, shindano la mtoano lichezwalo sambamba na ligi, huishiwa nguvu kwenye ligi. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya wenzako inaeleweka, kwani katika mchezo huu miili hugongana bila kupumzika, hata hivyo, klabu yako yenyewe iliijibu mwaka 2025. Katika fainali ya Juni pale Wembley, Rovers walikuwa nyuma ya Warrington kwa pointi 6 kwa 2 hadi dakika za mwisho kabisa, ndipo Tom Davies alipouwahi mpira uliopigwa chini chini na kuugusisha ardhini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani kwa pointi 4, kisha Mikey Lewis, akipiga kutoka pembeni huku uwanja mzima ukimtazama, akaongeza 2. Ikawa 8 kwa 6, na kiu ya miaka 40 bila kombe kubwa ikakatika.

Hawakuchoka. Waliongoza msimamo wa ligi, na Oktoba wakawashinda Wigan 24 kwa 6 katika fainali kuu, mechi inayoamua bingwa wa ligi. Kwa maoni yangu, kinachoiangusha timu ni uchache wa wachezaji wa akiba walio tayari, hasa mafowadi, wale wenye miili mikubwa wanaogongana zaidi, wala si kombe. Kwa hiyo, msimu ukianza, chunguzeni kwanza benchi.