Walikuwa wanafunzi au vibarua?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza shule ya ufundi ya mapadre pale Bagamoyo ilianzaje, na kama wale watoto walikuwa wanafunzi kweli au vibarua tu. Umeuliza jambo zito.

Haikuanzia Bagamoyo, ilianzia Unguja. Desemba 1860 Padre Armand Fava aliwasili kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre wenzake na masista. Sultani Majid aliwapokea, wakafungua kanisa dogo, hospitali na karakana. Mwaka 1863 kazi ilichukuliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Mji ulikuwa wa Waislamu, kuhubiri barabarani kusingewafikisha mbali. Uhunzi na useremala uliwapa nafasi, maana hakuna mji wa bandari usiohitaji fundi.

Sasa wanafunzi. Wengi walinunuliwa katika soko la watumwa, kwa fedha za michango kutoka Ulaya. Baadaye wengine walikabidhiwa na Waingereza, waliokuwa wakikamata majahazi ya watumwa baharini. Fikiria mtoto aliyetekwa bara, akatembezwa hadi pwani, akauzwa, kisha akajikuta mbele ya padre mgeni anayemwonyesha jinsi ya kushika randa. Hakuna aliyemuuliza kama anataka useremala. Siku yake iligawanywa kati ya sala, masomo na kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyosaidia kuilisha misheni. Baadhi yao walitoroka, nami siwalaumu hata kidogo.

Kwa hiyo walikuwa yote mawili, mwanangu. Ufundi walifundishwa kweli, na huo hakuna tajiri aliyeweza kuwanyang'anya tena. Lakini uhuru wa kuondoka hawakupewa pamoja nao. Nawaheshimu mapadre wale, wengi wao walikufa kwa homa wakiwa bado vijana, ila sikubali tunaposimulia wema wao tukaliruka hilo.

Mwaka 1868 walivuka kwenda Bagamoyo, wakapata ardhi ya kutosha kwa mashamba na kijiji. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilibomoa sehemu kubwa ya walichojenga, wakaanza upya. Kanisa lenye mnara, ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, ni la kipindi hicho. Vitabu vinamtaja Fava, vinamtaja Horner. Vijana waliopasua mbao na kubeba mawe hawatajwi kwa majina, nami nawahesabu kuwa waanzilishi sawa na hao wawili.

Waliokua walioana wao kwa wao na kupewa nyumba katika kijiji cha misheni. Mwaka 1877 baadhi ya familia hizo zilipelekwa bara, kwenye milima ya Nguru, kuanzisha misheni ya Mhonda. Wakarudi bara, walikotolewa wakiwa watoto, safari hii wakiwa na wake na waume zao.

Wasalimie wote hapo.

Baba yako