Kufeli ukaguzi wa CDL wakati umeendesha semi miaka yote: yaliyonikuta mimi

Mkuu pole sana. Nimesoma ulichoandika, miaka tisa kwenye semi njia ya Tunduma mpaka Lubumbashi, umefika Marekani umefeli mtihani wa CDL (leseni ya huku ya kuendesha magari makubwa ya biashara) mara mbili na zote umefelia kwenye ukaguzi wa gari, hata barabarani hujatolewa, sasa shemeji anakwambia rudi tu weahausi. Usirudi kaka. Mimi yalinikuta hayohayo hapa Columbus, Ohio, Februari 2023, na njia niliyokuwa nakula ni hiyohiyo ya kwako.

Siku ile nilizunguka gari vizuri kabisa. Nikagonga tairi, nikainama nikaangalia springi, nikavuta hozi za upepo, nikashika nati moja moja, kazi niliyoifanya kila asubuhi tangu nikiwa utingo. Mtahini anaandika tu. Mwisho akasema sijafaulu, nikamuuliza mbona nimekagua kila kitu, akanijibu nimeona umegusa lakini hujaniambia ulikuwa unatafuta nini. Hapo ndo nikauelewa ule mtihani. Yule hawezi kukisia ulichokiona, anatiki alichokisikia, kwa hiyo kitu usichokitaja jina na kusema hali yake hujakikagua hata kama umekishika kwa mikono miwili. Na lazima iwe Kiingereza, mtihani wa vitendo hauna mkalimani.

Sasa Kiingereza chenyewe sio kingi. Kuna sentensi moja inabeba karibu gari zima: "properly mounted and secured, not cracked, bent or broken", yaani kimefungwa vizuri na kimekaza, hakina ufa, hakijapinda wala kuvunjika. Taa, vioo, springi, fremu, vyote unavitaja jina afu unaimalizia hiyo. Hozi unaongeza kwamba hazijakatika na hazivuji. Vyenye namba ndo unavikariri pembeni, mfano kina cha kashata (ile mikato ya juu ya tairi) za tairi za mbele kisipungue 4/32 ya inchi, nyingine zote 2/32. Mimi nilijirekodi kwenye simu nikawa nasikiliza usiku kazini, na jioni natoka parking ya apatimenti nazunguka kile kigari chetu cha nyumbani nikijifanya ni semi, mke wangu kashika karatasi anatiki, binti yangu wa darasa la tano ananirekebisha matamshi. Majirani walikuwa wanatuangalia sana lakini wiki tatu tu ilikuwa inatoka yenyewe. Cha muhimu anza sehemu moja kila siku, usiruke, ukiruka ukiwa na presha ya mtihani unapotea mazima.

Breki za upepo ndo wengi wanaangukia maana ukikosea pale mtihani unaishia hapohapo, hakuna kufidia na maksi nyingine. Weka vigingi kwenye tairi, zima injini, washa swichi, sukuma vitufe vyote viwili, cha gari na cha tela, breki ya kuegesha iachie, kanyaga breki shikilia dakika nzima. Ukiwa na tela upepo usishuke zaidi ya psi 4 (psi ndo kipimo cha presha ya upepo kwenye geji). Afu anza kupampu pedali taratibu, taa na kengele ya onyo lazima viwahi kuwaka na kulia kabla upepo haujafika chini ya 60 (vitabu vingine vinaandika 55, shika cha jimbo lako), endelea kupampu mpaka vitufe viruke nje vyenyewe kati ya psi 20 na 45. Zile namba ZITAMKE huku unaonyesha geji kwa kidole. Ukinyamaza ni kama hukufanya.

Kuna kingine hukukiuliza ila nakuonya mapema, mkono wa barabara. Sisi tumekulia kushoto, stelingi kulia, upande usiouona vizuri ni wa kushoto na kona ya kubana ni ya kushoto. Huku vyote vimegeuka. Kwenye mazoezi nilikuwa nikikata kulia jicho linakwenda kwenye kioo cha kushoto lenyewe, tela linapanda ukingo bila mimi kujua, mwalimu kanipigia kelele mara kibao. Kwenye rivasi ndo mbaya zaidi. Usione aibu kushuka kuangalia, unaruhusiwa mara chache, ila vuta breki kwanza na ushuke umeshika vishikio usiruke. Koni ukiigusa ina maksi zake na kusogea mbele kujirekebisha kupita kiasi nako wanakata.

Mteremko wala usikusumbue. Kitabu chao kinasema chagua gia ndogo kabla hujaanza kushuka, breki kanyaga mpaka spidi ipungue kama maili 5 chini ya ile salama, achia, rudia. Aliyeshuka mlima Kitonga kule Iringa na mzigo anajua hii bila kitabu.

Kwa wengine mnaosoma ambao hamjaanza: pemiti (leseni ya kujifunzia) lazima ukae nayo siku 14 kabla ya mtihani wa vitendo, na tangu 7 Februari 2022 lazima upite mafunzo kwenye shule iliyosajiliwa na serikali ya shirikisho, listi iko mtandaoni, iangalieni KABLA ya kutoa hela, mimi shule ya kwanza ilikula amana yangu maana sikuangalia. Na ukifanyia mtihani gari la otomatiki leseni inafungwa hapo, manyuo (gari la gia za mkono) hugusi kikazi. Wewe mkuu manyuo unaijua, usikubali wakupe otomatiki kama shule ina zote mbili.

Hicho Kiingereza usikichukulie ni cha mtihani tu, tangu Juni 2025 wakaguzi wakikusimamisha barabarani ukashindwa kuongea nao au kusoma vibao wanakuzuia kuendesha palepale.

Ukipata tarehe nyingine niandikie inbox. Jumapili mchana huwa niko nyumbani, tutapigiana simu uanze na taa za mbele mpaka bampa ya nyuma ya tela, mimi nasikiliza na kutiki.